Umbo lililobaki matopeni: Ana Mendieta, mwili wa mwanamke na ardhi

Mara ya kwanza kuiona picha ile nilidhani ni kaburi. Kando ya kijito, kwenye tope zito lenye rangi ya kahawa, kuna shimo jembamba la urefu wa mtu mfupi: kichwa, mabega, kiuno kilichobanwa kidogo, miguu iliyoungana. Ndani hamna mtu. Aliyekulia Pwani na akawahi kusimama ukingoni mwa kaburi la ndugu yake hatafikiria kingine. Atafikiria mwanandani, ile nafasi ya chini anamolazwa maiti kabla ya kuwekewa mbao na kufukiwa. Nikamtumia rafiki yangu mmoja picha hiyo kwenye simu, bila maelezo. Akajibu baada ya muda: "Huyu alilala hapo, akaamka, akaenda zake. Ni nani?"

Huyo ni Ana Mendieta, msanii aliyezaliwa Havana, Kuba, mwaka 1948, akakulia Iowa katikati ya Marekani, na kufariki New York mwaka 1985 akiwa na miaka 36. Kati ya 1973 na 1980 alifanya kazi zaidi ya 100 za namna hiyo, nyingi zikiwa Iowa na Mexico, akazipa zote jina moja la Kihispania: Silueta, yaani umbo la mtu linalotambulika kwa mzingo wake tu. Alizifanya kwa tope, mchanga, majani, maua, barafu, damu, moto na baruti. Mwenyewe alipenda kuziita kazi za ardhi na mwili.

Ukianza kusoma yaliyoandikwa juu yake, hukawii kuangukia kwenye ugomvi wa zamani. Upande mmoja unasema: huyu ni mwanamke aliyeurudisha mwili wake mikononi mwake na kuuweka penye nguvu, kwenye dunia iliyomzaa. Upande wa pili unasema: huyu amerudia uongo uleule wa mababa, kwamba mwanamke ni udongo na mwanamume ndiye mwenye jembe. Pande zote mbili ni za wafeministi. Ndiyo maana ugomvi wenyewe unachanganya, na ndiyo maana inafaa kuufumua uzi mmoja mmoja.

Uzi wa kwanza ni mrefu kuliko Mendieta. Katika jumba la makumbusho la Dresden, Ujerumani, kuna mchoro wa Giorgione, mchoraji wa mji wa Venisi, wa mwaka 1510 hivi: mwanamke uchi amelala usingizi nje, kwenye majani, na vilima vilivyo nyuma yake vinapanda na kushuka kama paja na nyonga yake vinavyopanda na kushuka. Mchoraji hakukosea. Alitaka jicho liteleze kutoka mwilini hadi mashambani bila kujikwaa. Amelala, kwa hiyo hajui kwamba anatazamwa. Na mashamba yale hayana mtu, kwa hiyo hakuna wa kuuliza unatafuta nini. Baada ya Giorgione wachoraji wengi wa Ulaya walirudia mpango huohuo. Wazungu walipovuka bahari waliendelea kuzungumza hivyohivyo: ardhi ambayo wao hawajailima waliiita kwa neno lilelile wanalomwitia mwali asiyeguswa, na wawindaji wa Kifaransa walipoiona safu fulani ya vilele huko Wyoming waliita Teton, matiti. Jina limebaki kwenye ramani hadi leo.

Na sisi tusijitoe. Nyimbo zetu za uzalendo huiita nchi mama, na malenga wetu wa mapenzi wamemgeuza mpenzi bustani, embe, asali na chemchemi tangu enzi. Sisemi vibaya, mashairi hayo nayapenda. Ila kuitwa ardhi hakujawahi kumpa mwanamke hati ya ardhi. Tanzania ilibidi itunge sheria zake za ardhi za mwaka 1999 ndipo haki sawa ya mwanamke kumiliki iandikwe waziwazi, na Kenya ikasubiri Katiba ya 2010 iseme kwamba ubaguzi wa kijinsia katika sheria na mila za ardhi uondolewe. Sitiari ilikuwapo miaka yote hiyo, inaimbwa harusini na kwenye mikutano ya hadhara.

Sasa njoo Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Wanawake wasanii wanatazama historia ya sanaa na kuona kituko: mwanamke uchi yupo kila ukuta, lakini mwanamke mwenye brashi hayupo. Mwaka 1971 mwanahistoria Linda Nochlin aliandika makala akiuliza kwa nini hapakuwa na wasanii wakuu wanawake, na jibu lake halikuwa la vipaji. Lilikuwa la milango. Kwa karne kadhaa mwanafunzi wa sanaa alilazimika kujifunza kuchora mwili kwa kumtazama mtu aliye uchi, na darasa hilo wanawake walikatazwa kuingia. Waliruhusiwa kuwa mwili unaochorwa. Mkono unaochora, hapana.

Kwa hiyo baadhi yao wakaamua kuwa vyote viwili. Carolee Schneemann mwaka 1963 alijipaka rangi, grisi na chaki kwenye chumba chake cha kazi New York, akalaza nyoka wadogo juu ya mwili wake, akapigwa picha 36. Judy Chicago akatoka nje, akawapaka wanawake rangi na kuwasimamisha jangwani California wakiwa wamezungukwa na moshi wa rangi. Mary Beth Edelson mwaka 1977 alisafiri hadi kisiwa cha Hvar, katika Yugoslavia ya wakati ule, akaingia kwenye pango lililowahi kukaliwa na watu wa kale, akakaa uchi katikati ya duara la moto mdogomdogo. Wengi katika kundi hili walikuwa wanamtafuta Mungu wa kike, au angalau kumbukumbu ya wakati ambapo kilichoabudiwa kilikuwa na matiti. Historia ya dai hilo ina matundu mengi. Hamu yenyewe inaeleweka.

Hapo ndipo fundo lilipokazwa. Mwaka 1974 mwanaanthropolojia Sherry Ortner alichapisha insha iliyouliza, kwa ufupi, kama mwanamke kwa mwanamume ni sawa na pori kwa utamaduni. Hoja yake: mahali pengi duniani mwanamke huhesabiwa kuwa karibu zaidi na maumbile, kwa sababu ya mimba, hedhi na kunyonyesha, na kwa kuwa kila jamii hujiona imeyapanda maumbile mgongoni, basi mwanamke hubaki chini. Ortner hakusema mwanamke ni maumbile. Alisema hivyo ndivyo anavyohesabiwa, na kwamba hesabu hiyo ndiyo chanzo cha balaa. Ukishalisoma hilo, halafu ukamwona msanii wa kike amejipaka tope na kuegemea mti, unalazimika kumuuliza: dada, umekubaliana nao?

Miaka ileile wanaume nao walikuwa wametoka kwenye kumbi za maonyesho kwenda porini, na si kwa mikono mitupu. Michael Heizer kule Nevada alichimba mitaro miwili mikubwa kwenye ukingo wa mwinuko, akihamisha tani 240,000 za mwamba na mchanga. Robert Smithson mwaka 1970 alimwaga zaidi ya tani 6,000 za mawe na udongo kwenye ziwa la chumvi la Utah, akapata gati lililojisokota lenye urefu wa mita 460 hivi. Hii ndiyo iliyoitwa sanaa ya ardhi: malori, katapila na makandarasi. Wanawake walikuwamo pia, na si wote walioshughulika na mwili. Nancy Holt aliweka mabomba manne makubwa ya zege jangwani Utah, yamepangwa ili jua la siku ndefu na la siku fupi za mwaka lichomoze na kuzama katikati yake. Hakuna titi wala nyonga hapo. Namtaja ili ieleweke kwamba mwanamke kwenda porini hakukumlazimu kuvua nguo; Mendieta alichagua mwili, na uchaguzi wake unataka sababu yake.

Sababu hiyo ina tarehe. Mwaka 1961, akiwa na miaka 12, Ana na dada yake mkubwa Raquelín walipandishwa ndege kwenda Marekani bila wazazi. Ulikuwa mpango ulioitwa Pedro Pan, ulioendeshwa kwa msaada wa Kanisa Katoliki, ambao kati ya 1960 na 1962 ulitoa zaidi ya watoto 14,000 Kuba, wazazi wao wakihofia serikali mpya ya Fidel Castro. Wazazi wengi walidhani ni miezi michache. Dada hawa wawili walipelekwa Dubuque, Iowa, kwenye nyumba ya watoto yatima, kisha wakazungushwa kwenye taasisi na familia za walezi. Mama yao aliwafikia mwaka 1966. Baba alifungwa Kuba kwa sababu za kisiasa na hawakumwona tena hadi 1979.

Kiswahili kina namna ya kusema jambo hili ambayo Kiingereza hakina. Tunasema mtu ametoka mahali "kilipozikwa kitovu chake". Kwa watu wengi wa kwetu hiyo haikuwa lugha ya picha. Kitovu cha mtoto kikikatika kilifukiwa kweli, chini ya mgomba au karibu na nyumba, na tangu hapo mwili na ule udongo vilikuwa na deni. Mendieta hakujua Kiswahili, lakini alichokieleza mwaka 1981 juu ya kazi zake kinakaribia sana hapo: kwamba mazungumzo yake ya muda mrefu kati ya mwili wa kike na mandhari yalitokana moja kwa moja na kung'olewa kwake nyumbani akiwa mtoto, na kwamba alilemewa na hisia ya kutupwa nje ya tumbo la uzazi.

Alianza kama mchoraji. Kwenye Chuo Kikuu cha Iowa alipata shahada ya uzamili ya uchoraji mwaka 1972, kisha akaiacha turubai kwa sababu aliona picha zake hazina nguvu halisi aliyoitaka. Akajiunga na programu ya Hans Breder, ambako wanafunzi waliruhusiwa kuchanganya filamu, tendo, sauti na chochote kingine. Mwaka 1973 mwanafunzi mwenzao alibakwa na kuuawa chuoni. Mendieta akawaalika wanafunzi wenzake nyumbani kwake. Walipofika wakakuta mlango umeachwa nusu wazi, na yeye ameinama juu ya meza, uchi kutoka kiunoni kwenda chini, damu imemtapakaa, hatikisiki. Walikaa, wakajadiliana, naye akabaki vilevile. Mwaka huohuo alimwaga damu na vipande vya nyama kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya jengo moja la Iowa City, akajificha na kamera. Filamu inaonyesha wapita njia: wanatazama, wanakwepa, wanaendelea na safari. Kumbuka kazi hii ya pili. Mwili haumo tena. Kuna dalili yake tu, na watu wanaoamua kutouliza.

Silueta ya kwanza, kwa hesabu ya wengi, ni ya kiangazi cha mwaka huohuo, Yagul, Oaxaca, kusini mwa Mexico. Alilala uchi ndani ya kaburi la mawe la Wazapoteki wa kale, akafunikwa maua meupe mpaka uso haukuonekana. Yanaonekana kuchipuka kutoka mwilini. Hapa yupo. Mwaka 1976, kwenye kijito kiitwacho Old Man's Creek huko Iowa, bado yupo: amesimama ameegemea shina la mti mkubwa, mikono juu, amepakwa tope na majani makavu hivi kwamba inabidi utazame mara mbili kumtenga na gome. Lakini kadiri miaka inavyokwenda anajiondoa. Kinabaki kipimo chake, yule mtu mfupi wa futi tano hivi, kimechimbwa, kimefinyangwa, kimechomwa, kimepangwa kwa mawe.

Nikae kidogo na moja. La Ventosa, ufukwe wa Pasifiki wa Oaxaca, 1976. Kwenye mchanga uliolowa amechimba umbo la mwanamke aliyeinua mikono, karibu kabisa na maji yanapofika, akalijaza unga wa rangi nyekundu. Kisha akapiga picha za slaidi, moja baada ya nyingine, kutoka pembe ileile. Kwanza wimbi linafika miguuni na kurudi. Rangi inaanza kuchuruzika. Wimbi linalofuata linaingia, linajaa ndani ya umbo kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka, linatoka limekuwa jekundu. Kingo zinalegea. Mikono inapotea kabla ya kiwiliwili. Mwishoni kuna doa la waridi kwenye mchanga, nalo linaelekea baharini. Hakuna aliyekuwa ameshikilia tiketi akitazama. Silueta karibu zote hazikuwa na watazamaji. Alikuwapo yeye, wakati mwingine na mtu wa kumsaidia, na kamera.

Mwaka uleule, Oaxaca, alimwendea fundi wa fataki wa pale, wale wanaotengeneza minara ya moto kwa sikukuu za watakatifu, akamwomba amfungie umbo la mwanamke kwa vijiti na baruti. Filamu yake, ya Super 8, ule mkanda mwembamba wa kamera ndogo za nyumbani, haina sauti. Magharibi imeingia, milima ni myeusi kwa nyuma. Umbo linawaka, cheche zinaruka, sekunde chache mwanamke mzima ni moto, kisha ni kiunzi kinachofuka moshi. Ukilinganisha na zile tani 240,000 za Nevada, hii ni kazi iliyogharimu siku ya fundi na kiberiti.

Hapa watu huuliza kazi ya sanaa ni ipi: lile umbo lililosombwa, au picha? Nadhani swali linajibiwa na alivyofanya. Alipanga mfululizo, alichagua pembe, aliweka filamu zaidi ya 100. Kupotea kulikuwa sehemu ya mpango, na picha ilikuwa shahidi aliyeandaliwa mapema.

Sasa rudi kwenye lile swali la kwanza, la mwanamke na udongo. Miaka ya 1980 wanadharia wengi walimweka Mendieta kwenye kapu moja na Edelson na wote waliotafuta mungu wa kike, wakasema kapu lote lina kosa: linadai kuwa kuna kiini cha uanamke kinachozaliwa nacho mtu, cha milele, kilichokaa tumboni na kwenye mzunguko wa mwezi. Ukikubali kiini hicho, walisema, umempa mpinzani wako kazi rahisi. Atakwambia kaa basi nyumbani ukazae, maana ndivyo ulivyo.

Siwezi kumtetea Mendieta kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu maneno yake mara nyingi yako upande wa washitaki. Alizungumza juu ya kuwa kitu kimoja na dunia, juu ya nguvu ya kike inayotapakaa kila kitu. Ila kazi zenyewe, ukizitazama bila kusoma maandishi, hazisemi hivyo hata kidogo. Mtu aliye kitu kimoja na ardhi haachi shimo. Silueta ni shimo. Ni pale ambapo mwili ulipaswa kuwa na haupo, pamepimwa kwa vipimo vya mtu mmoja mahususi aliyeng'olewa mahali mahususi mwaka mahususi. Washitaki walikuwa wanajibu dai la kwamba mwanamke, yeyote yule, ni ardhi. Picha zinaonyesha jambo lingine, dogo na chungu zaidi: mwanamke huyu anaitafuta ardhi fulani, na kila anapojipima nayo hatoshi, au anatosha kwa dakika kumi kisha wimbi linakuja. Rafiki yangu aliliona hilo kwenye skrini ya simu yenye ufa, bila shahada ya sanaa.

Na uchi je? Najua swali hili lilikuwa linasubiri, maana kwetu stara si jambo la mzaha, na wengi wataifunga picha ya Yagul kabla hawajaitazama. Sina haja ya kumlazimisha mtu. Nitasema tu kwamba wanaozibishia Silueta kwa sababu ya uchi hawajazihesabu: katika nyingi mno hakuna uchi, kwa kuwa hakuna mtu. Kuna udongo. Yule mwanamke wa Giorgione amewekwa atazamwe asipojua. Hapa mwenye mwili ameondoka na kukuachia mwonekano wa nje wa kiwiliwili, ambao huwezi kuutamani kwa urahisi. Kwa namna ya ajabu, hiyo ni stara ya aina yake.

Lipo shitaka lingine ambalo naliona zito kuliko la kiini, na husemwa kwa sauti ndogo. Mendieta alilala kwenye kaburi la Wazapoteki. Alikopa damu, manyoya na baruti kutoka dini za Wakuba weusi, yaani Santería iliyotoka kwa Wayoruba na Palo yenye mizizi Kongo, dini zilizovuka bahari ndani ya meli za watumwa. Familia yake ilikuwa ya watu wenye nafasi, wenye asili ya Hispania. Dini hizo utotoni alizisikia kwa watumishi wa nyumbani. Huko Iowa, kwa upande mwingine, watoto wenzake walimhesabu mtu wa rangi na wakamtukana hivyo, naye akaishi na utambulisho huo bila kuukana. Je, alikuwa na haki ya kukopa? Jibu langu hubadilika kutegemea kazi ninayoitazama. Kwenye fataki za Oaxaca, ambapo fundi alifanya ufundi wake mwenyewe, siumii. Kwenye kaburi la Yagul nauliza kama kuna aliyemwomba ruhusa mwenye kaburi.

Hakuwa mjinga wa mambo hayo. Alihamia New York mwaka 1978 na kujiunga na A.I.R., nyumba ya sanaa ya ushirika iliyoanzishwa na wanawake mwaka 1972. Miaka miwili baadaye, pamoja na Kazuko Miyamoto na Zarina, aliandaa pale maonyesho ya wasanii wanawake wa Dunia ya Tatu waishio Marekani. Katika utangulizi aliandika bila kupaka asali kwamba ufeministi wa Marekani, kama ulivyo, kimsingi ni harakati ya wanawake weupe wa tabaka la kati. Mwaka 1982 akatoka kwenye ushirika ule.

Katikati ya hayo alirudi Kuba. Ruhusa zilikuwa zimelegea, na kuanzia 1980 alikwenda zaidi ya mara moja. Mwaka 1981, kwenye miamba laini ya chokaa ya Jaruco, si mbali na Havana, alichonga maumbo ya kike na kuyapa majina kutoka lugha ya Wataíno, wenyeji wa visiwa vile ambao ukoloni wa Hispania uliwaangamiza kwa wingi: Guabancex wa dhoruba, Itiba Cahubaba, mama wa kale, na wengine. Ajabu ni kwamba Silueta zenye ule mwili wake mwembamba zinakoma hapa. Maumbo ya Jaruco ni mapana, yana matumbo, hayafanani na mtu. Amefika kilipozikwa kitovu, na kipimo cha mwili wake mwenyewe amekiweka chini. Sidhani ilikuwa bahati tu.

Alipata tuzo ya kwenda kuishi na kufanya kazi Roma mwaka 1983. Mwanzoni mwa 1985 aliolewa huko na mchongaji Carl Andre. Tarehe 8 Septemba mwaka huo, New York, alianguka kutoka kwenye fleti yao ya ghorofa ya 34 na kufa. Andre alishitakiwa kwa mauaji. Mwaka 1988 jaji, bila baraza la wazee, alimwona hana hatia. Mwaka 1992 wanawake waliandamana mbele ya tawi la jumba la makumbusho la Guggenheim, mtaa wa SoHo, ambako kazi za Andre zilionyeshwa na za Mendieta hazikuwamo, wakiuliza Ana Mendieta yuko wapi. Swali hilo limerudiwa mara nyingi tangu hapo. Kilichoniudhi siku zote ni wale wanaozisoma Silueta kama utabiri, kana kwamba mtu aliyechimba umbo lake matopeni Iowa alikuwa anajichimbia kaburi. Ni usomaji wa mvivu. Nami, kwa ile picha ya kwanza, nilikuwa mmoja wao.

Waliomfuata hawakufuata njia moja. Laura Aguilar wa Los Angeles, mwenye mwili mkubwa ambao hakuna Giorgione angeuchora, alijipiga picha mwaka 1996 jangwani New Mexico, amejikunyata kati ya majabali, mgongo kwenye kamera, hadi unahesabu mawe na kukosea idadi. Hachukui nafasi ya ardhi. Anakaa nayo kama jirani.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, anajulikana zaidi kwa wale wanawake wanne wa shaba waliowekwa mwaka 2019 kwenye mashubaka ya mbele ya jumba la Metropolitan, New York, mashubaka yaliyokaa matupu tangu 1902. Mimi navutwa zaidi na kazi zake za udongo mwekundu, miti, pembe na vibuyu, wanawake wanaosimama kama kichuguu kilichoamua kuwa mtu, na filamu aliyoipiga kwenye mapango ya Mlima Suswa. Katika video yake ya 2005 mwanamke wa nguo nyeupe anaingia baharini polepole akiimba wimbo wa kanisa kwa Kigikuyu, wimbo ulioandikwa na Mwingereza aliyewahi kuwa nahodha wa meli ya watumwa. Maji yanapanda magotini, kiunoni. Sidai kwamba alijifunza kwa Mendieta. Bahari anayoiingia ina kesi nyingine.

Kisha Regina José Galindo wa Guatemala, 2013. Mwaka huo jenerali Efraín Ríos Montt alishitakiwa nchini mwake kwa mauaji ya kimbari ya Wamaya. Tarehe 10 Mei alihukumiwa, na siku kumi baadaye hukumu ikatenguliwa. Mashahidi walieleza jinsi makaburi ya halaiki yalivyochimbwa kwa mashine huku watu wakiuawa. Galindo anasimama uchi kwenye uwanja wa majani, mikono imeshuka pembeni. Katapila linakuja na kuanza kuchimba kumzunguka. Ndoo ya chuma inapita karibu naye, inazama, inanyanyua, inamwaga, inarudi. Yeye hapepesi. Inachukua zaidi ya nusu saa. Majani yanakwisha upande wa kushoto, kisha nyuma, kisha mbele, mpaka amebaki juu ya kisiki cha udongo kisichozidi upana wa mkeka, shimo pande zote, na dereva hana tena pa kuchimba isipokuwa pale alipo.